Daftari la Katesh: nilivyoingia kwenye kazi ya maafa

Vijana wa hapa Babati wakikutana nami huniuliza swali moja: "Dada, nani alikuunganisha?" Najua wanachotaka kusikia. Wanataka jina la mjomba mwenye cheo, au namba ya mtu wa Dodoma. Mimi sikuwa na mjomba huyo. Jina langu lilikuwa kwenye orodha ya watu wa kujitolea ya Chama cha Msalaba Mwekundu miaka miwili kabla tope la Mlima Hanang halijashuka Katesh, na bibi yangu mzaa mama alinilea kwa Kibarbaig, lugha ya Wabarbaig wa Hanang. Hayo mawili ndiyo yaliyonifikisha.

Nilijiunga nikiwa chuoni, nikisomea maendeleo ya jamii. Tulifundishwa huduma ya kwanza: namna ya kumlaza mtu aliyezimia, kufunga mfupa uliovunjika kwa vipande vya mbao na kanga, kuzuia damu. Tukafundishwa pia misingi saba ya chama, na ule wa kutopendelea ndio uliokuja kunisumbua baadaye kuliko yote. Wenzangu wengi walichukua cheti wakaondoka. Mimi niliendelea kulipa ada ya uanachama na kwenda kwenye mikutano ya tawi, hata miezi ambayo hapakuwa na jambo zaidi ya kupanda miti na kuchangia damu. Nasema hili kwa sababu maafa yakishatokea hakuna mwenye muda wa kukusajili. Anayeitwa ni yule ambaye namba yake ya simu tayari ipo na bado inapatikana.

Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023 sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka. Mvua ilikuwa imenyesha kupita kiasi, mwamba dhaifu ukalowa mpaka ukashindwa kujishikilia, ukateremka pamoja na miti na mawe makubwa kwa kufuata njia za maji, ukaingia mji wa Katesh na makazi ya chini ya mlima kama Jorodom na Gendabi. Hesabu ya serikali baadaye ilifika vifo 89. Mratibu wetu alinipigia kabla ya adhuhuri na maswali matatu tu: uko wapi, una gambuti, unaongea Kibarbaig? Nilikuwa nyumbani. Gambuti niliazima kwa jirani. Jibu la tatu ndilo lililonipandisha kwenye gari.

Nilidhani nitakwenda kuchimbua tope. Kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa wanajeshi, polisi, Zimamoto na wanakijiji wenyewe wenye majembe. Mimi nilipewa meza, daftari la kaunta na kalamu mbili, kwenye mojawapo ya shule zilizofanywa kambi. Siku ya kwanza niliona nimedharauliwa. Kufikia siku ya tatu nilikuwa nimeelewa kwamba blanketi, sufuria, unga na baadaye hata nyumba, vyote vinapita kwenye daftari lile. Ambaye hayumo kwenye daftari huhesabiwa kama hakuwahi kupatwa na lolote.

Na kuandika jina, kwa watu wetu, si jambo dogo. Mbarbaig mwanamume aghalabu ana jina la nyumbani linaloanza na Gida, mwanamke Uda. Juu ya hilo kuna jina la ubatizo, na jina la kwenye kitambulisho cha NIDA ambalo mara nyingi liliandikwa na karani aliyesikia vibaya. Mtu mmoja anakuja asubuhi kwa jina hili, jioni mwanawe anamwandikisha kwa jina lile. Ukiwa mgeni utasema wamekudanganya. Halafu kuna suala la kaya. Fomu tuliyopewa ilikuwa na nafasi ya mkuu wa kaya mmoja. Mzee mwenye wake watatu, kila mke na nyumba yake, jiko lake na watoto wake, akiandikwa kama kaya moja, basi wanawake wawili wanarudi mikono mitupu. Niliongea na msimamizi wangu, akaniambia fomu imeshapitishwa. Nikarudi kwake tena jioni na mfano wa familia moja kwa majina. Akakubali tuandike kila jiko kama kaya, na mume awe kwenye safu ya maelezo.

Lakini kosa kubwa zaidi lilikuwa langu. Nilikuta mistari miwili yenye majina yaliyofanana sana, nikafikiri ni mtu aliyejirudia, nikakata mmoja. Kumbe walikuwa wanawake wawili, mtu na mkaza mwanawe. Bibi yule alisimama kwenye mstari wa mablanketi mpaka giza likaingia, akaambiwa jina lake halipo. Hakugomba. Alikuja mezani kwangu, akanitazama, akasema kwa Kibarbaig, "Mjukuu wangu, umenifuta." Tulimtafutia blanketi usiku huohuo, na nikamwomba radhi mbele ya mkwewe. Bado kila nikishika kalamu ya kukata mstari namkumbuka. Tangu siku ile niliandika vitu vinne kwa kila mtu: jina la nyumbani, jina la kwenye kitambulisho, jina la mwenyekiti wa kitongoji chake, na jina la mtu mmoja anayemfahamu pale kambini. Ilinichukua muda mara mbili. Wenzangu wa meza nyingine walianza kufanya hivyohivyo.

Rais alipofika Katesh tarehe 7 Desemba, nusu ya kambi ilikwenda kumsikiliza. Nilitumia saa zile kunakili daftari lote upya kwa sababu kurasa za kwanza zilikuwa zimelowa. Msimamizi alinikuta nikinakili. Ninaamini kazi yangu ya kwanza ya mshahara ilizaliwa hapo, ingawa hakusema neno.

Kuhusu fedha niseme wazi, maana vijana huona aibu kuuliza. Anayejitolea halipwi mshahara. Tulipata posho ndogo ya chakula na nauli, basi. Kama nyumbani wanakutegemea, pangeni kabla hujaondoka. Mimi mama yangu alibeba mzigo wangu kwa wiki tatu. Na jihadhari na wanaouza fomu. Mtu mmoja alizunguka kambini akidai ada ya kuandikishwa kwa ajira za maafa. Hakuna fomu ya namna hiyo. Ajira za serikali, kama za maofisa ustawi wa jamii na maendeleo ya jamii, hutangazwa kwenye Ajira Portal na kuomba ni bure, na mashirika hubandika matangazo yao kwenye ubao wa halmashauri au huyapitisha kwa watendaji wa kata.

Kazi ya kulipwa ilikuja Januari: tathmini ya mahitaji ya kaya, siku kumi, kwa kishikwambi badala ya daftari. Walitaka watu wanaolijua eneo. Niliambatisha barua ya mtendaji wa kata na barua ya tawi, na kwenye maombi sikuandika "nina uzoefu wa maafa." Nilieleza tatizo la majina na la kaya za wake wengi, na jinsi tulivyolitatua. Kwenye usaili waliniuliza kuhusu hilo tu. Baadaye taasisi nyingine ilinichukua kwa makubaliano ya mdomo, siku kumi na nne. Nililipwa tisa. Nilipouliza nikaambiwa bajeti imebadilika. Tangu hapo siingii kazini bila karatasi yenye sahihi, idadi ya siku na kiwango, hata kama anayeniita ni mtu ninayemheshimu.

Wengi hudhani nafasi ziko kwenye uokoaji. Uokoaji ni siku chache, na una wenyewe waliofunzwa miaka. Kilichodumu Hanang ni kurudisha maisha. Kamera zilipoondoka walibaki watu ambao vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na kadi za kliniki vilikuwa chini ya tope. Walibaki wazazi waliozika watoto, ambao hawakutaka ushauri wa mtu mwenye kalamu. Walitaka mtu wa kukaa naye kimya. Tulifundishwa huduma ya kwanza ya kisaikolojia kwa maneno matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Hilo la katikati ndilo gumu. Bibi yangu alijua kulifanya bila kufundishwa. Alikuwa akienda msibani anakaa chini, halafu haongei mpaka aongeleshwe.

Kwa kazi hiyo nilipata mkataba wa miezi sita kama mhamasishaji jamii, ukaongezwa. Nilifuatilia familia zilizokuwa kwa ndugu, nikawasindikiza wazee kwenye ofisi za vitambulisho, nikahakikisha jina la kwenye orodha ya nyumba linafanana na jina la kwenye karatasi ya mwenye nyumba. Serikali na Msalaba Mwekundu walijenga nyumba zaidi ya 100 kule Waret, na kila mlango una mtu ambaye jina lake lilibidi mtu fulani aliandike bila kukosea.

Mara ya mwisho nilipokwenda Waret nilipita kwa bibi yule. Nilimwamkia, akanipa kigoda, akamwita mkwewe alete chai. Mkwewe alitoka ndani na mtoto mchanga mgongoni. Bibi akaniuliza kama bado ninalo lile daftari. Nikamwambia ninalo. Akaniambia nimwandike mjukuu wake, amezaliwa hapohapo, nyumba mpya.

Nikafungua ukurasa, nikamwuliza kwanza jina la nyumbani.