Neno "sine" na Upote wa Upinde

Katika maneno yote ya hisabati ya Kiingereza, sijaona lenye historia ya kuvutia kama "sine", ambalo wanafunzi wetu wa sekondari hulijua kama saini, yaani uwiano wa upande unaoikabili pembe kwa upande mrefu zaidi katika pembetatu yenye pembe mraba. Asili yake ni India. Wanahisabati wa huko, akiwemo Aryabhata aliyeandika karibu na mwaka 499, walifananisha mstari unaounganisha ncha mbili za tao, yaani kipande cha mzingo wa duara, na upote (kamba) wa upinde, wakauita "jya" au "jiva" kwa Kisanskriti. Hata walipoanza kutumia nusu tu ya mstari huo katika hesabu zao, jina lilibaki lile lile.

Waarabu walilichukua kwa sauti yake bila kulitafsiri, wakaliandika kwa herufi jim, ya na ba pasipo irabu. Hapo ndipo mambo yalipogeuka, kwa kuwa herufi hizo husomeka pia "jayb", yaani uwazi wa vazi kifuani, neno lile lile lililomo katika Surat An-Naml, aya ya 12, pale Nabii Musa anapoamriwa kuingiza mkono wake. Watarjumi wa karne ya 12 walioihamishia elimu hiyo katika Kilatini walifuata maana hiyo, wakaandika "sinus", yaani kifua au mkunjo wa nguo, na mwishoni mwa karne ya 16 Kiingereza kikawa na "sine". Mwaka 1620 mwanahisabati Mwingereza Edmund Gunter akaandika "co.sinus" (kosaini ya leo), akikusudia saini ya pembe inayokamilisha nyuzi 90.