Daraja la Mpanga juu ya dawati: nilivyofundisha ujenzi wa TAZARA kwa kamera ya simu

Reli ya TAZARA ipo. Sisi wa Mbeya treni tunaisikia ikiingia Iyunga. Kisichoonekana tena ni ujenzi wake: kambi, vibarua na mafundi wa Kichina walioivusha milimani kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Wanafunzi wangu waliijua kwa sentensi moja tu ya mtihani, "China ilitusaidia". Ulikuwa mkopo usio na riba, lakini hilo tuliache.

Nikaamua kutumia uhalisia ulioongezwa. Unaelekeza kamera ya simu mahali, na kwenye kioo programu inaongeza kitu ambacho hapo hakipo.

Kila niliyemweleza alidhani nitawapeleka watoto stesheni, waelekeze simu relini, treni ya zamani itokee. Sikutaka. GPS ya simu hukosea kwa mita kadhaa, na kwa kosa hilo treni yako itapita juu ya jukwaa la abiria. Tena, watoto waliokodolea macho simu kando ya reli inayotumika ni balaa, na kupiga picha huko kunataka kibali. Nikabaki darasani.

Nilitumia A-Frame na AR.js, vifurushi vya msimbo vya kutengenezea kurasa za aina hii. Ni za bure na zinafanya kazi ndani ya kivinjari, kwa hiyo hata simu ya bei ya chini inaweza kuzifungua bila kupakua programu. Sharti ukurasa uwe kwenye anwani ya https, la sivyo kamera haifunguki. Michoro niliitengeneza kwa Blender, programu ya kompyuta ya kuchorea maumbo ya pande tatu (3D), nayo ya bure. Kisha unachapisha alama, yaani mraba mweusi wenye mchoro katikati, unaiweka mezani, na mchoro wako unasimama juu yake.

Nilianza na daraja la Mto Mpanga, lililoko kati ya Mlimba na Makambako. Kipande hicho cha kilomita 160 hivi ndicho kilichowatesa wajenzi kuliko vyote, kwa milima, mabonde na vinamasi. Daraja lina nguzo tatu za urefu wa mita 50. Nikalipunguza mara 200, nguzo zikawa sentimita 25, zikatosha juu ya dawati.

Nikampelekea mzee mmoja jirani yangu, aliyekuwa kibarua wa reli hiyo. Alilizunguka daraja na simu mkononi, akainama, akachungulia chini ya nguzo. Akaniuliza, "Mwalimu, mbona watu hawapo? Hili limejijenga lenyewe?" Nikarudi kwenye Blender. Kwa kipimo kile mtu mzima hafiki hata sentimita moja, ni kama punje ya mchele, lakini ukisogeza simu karibu unamwona na beleshi lake. Nikamrekodi mzee akisimulia zamu za kazi, na sasa ukigusa nguzo unamsikia yeye. Watoto wanagusa nguzo kuliko kitu kingine chochote.

Somo la pili ndilo ninalolipenda zaidi: kipande cha reli sakafuni, kwa ukubwa wake halisi. Hapa sharti ujue kwamba AR.js inahesabu upande mmoja wa alama kuwa kipimo kimoja. Alama yangu ina sentimita 10, hivyo upana wa milimita 1,067 kati ya reli na reli niliuandika 10.67. Ukichapisha alama ya sentimita 8 bila kubadili hesabu, reli yote inanywea.

Wanafunzi walipiga chaki pale reli zilipotokea, wakapima kwa futi kamba, kisha wakachora pembeni upana wa Reli ya Kati wa milimita 1,000. Tofauti ni milimita 67, inazibwa na kiganja. Binti mmoja akauliza kwa nini hawakufuata ule uliokuwepo nchini. Nikawaeleza kwamba mzigo ulikuwa shaba ya Zambia, na reli za Zambia zina upana huo wa 1,067. Kwa sababu ya kiganja hicho, behewa la TAZARA halipiti kwenye Reli ya Kati, na Kidatu pakajengwa kituo cha kuhamishia mizigo kutoka reli moja kwenda nyingine. Hapo hakuna aliyeuliza kama itatoka kwenye mtihani.

Ukitaka kujaribu, punguza ukubwa wa picha zinazovikwa kwenye michoro, maana ndizo zinazomaliza bando. Fungua kurasa mapema palipo na mtandao mzuri. Na alama ichapishwe kwenye karatasi ya kawaida isiyong'aa, kwa sababu jua la dirishani likiipiga yenye kung'aa, kamera haiioni kabisa.