Trei moja, watoto wa miaka 3 hadi 6

Mwalimu wa chekechea yenye umri mchanganyiko akijaribu kuandaa masomo matatu kila asubuhi, atachoka kabla ya mwezi kuisha. Kuchanganya umri si lazima kutokane na uhaba wa vyumba. Maria Montessori, daktari na mwalimu wa Italia, alipofungua shule yake Casa dei Bambini (Nyumba ya Watoto) huko Roma mwaka 1907, watoto wa umri tofauti walikaa chumba kimoja. Kinachohitajika ni kazi moja ambayo kila mtoto anaingia nayo kwa kina chake.

Chukua trei ya kumimina maji. Weka majagi mawili madogo ya takriban mililita 250, sponji na kitambaa. Wa miaka 3 anamimina kutoka jagi moja hadi jingine, kisha anafuta. Wa miaka 4 anapewa vikombe vitatu vyenye mstari, amimine hadi kwenye mstari asiupite. Wa miaka 5 au 6 anakisia ni vikombe vingapi vitajaza chupa, anapima, halafu anaandika tarakimu zote mbili: ya kisio na ya kipimo. Jagi la mdogo lijazwe nusu tu. Likijaa humlemea, maji humwagika kwa kishindo, naye huogopa kurudia. Sponji nayo ni sehemu ya kazi: mtoto anayejua kufuta haogopi kumwaga.

Kwenye mkeka, dakika 10 za wimbo na hadithi fupi zinawatosha wote. Ukivuta hadi 20, wadogo wanagaragara, mwalimu anakemea, na wakubwa wanapoteza mtiririko wa hadithi. Afadhali wadogo waende kwenye unga wa kufinyanga mahali unapowaona, wakubwa wabaki kwa dakika 10 nyingine za sauti za herufi.

Shanga, vifungo na vipande vingine vidogo vikae rafu ya juu, vishushwe kwa kazi maalumu chini ya macho yako. Baadhi ya watoto wa miaka 3 bado hutia vitu mdomoni na puani.

Kosa linaloniuma zaidi ni mtoto mkubwa kugeuzwa yaya. Mzigo huo huwa unamwangukia yule mwepesi na mpole: afunge viatu vya wenzake, abembeleze anayelia, akusanye vitabu, na kazi yake inalala. Kumwonyesha mdogo kunamjenga kweli, kwa sababu anayeeleza hulazimika kupanga hatua kichwani. Lakini iwe dakika chache, kwa kazi anayoimudu, na kwa hiari yake. Mfundishe aonyeshe mara moja polepole, kisha aweke mikono nyuma. Bila hiyo mikono nyuma, atamnyang'anya mwenzake kazi na kuimaliza mwenyewe.

Halafu kuna wa katikati. Hawalii kama wadogo, hawasomi kama wakubwa, na siku inaweza kupita bila mtu mzima kuongea nao zaidi ya salamu. Weka daftari mezani. Kila siku andika majina matano na sentensi moja kwa kila jina: alichofanya kwa mikono yake, au alichosema. Si "anaendelea vizuri", bali "amemimina hadi mstari bila kumwaga". Jina ambalo hadi Ijumaa halijaandikwa, anza nalo Jumatatu.