Msimbazi ni mita kumi

Miaka sita nimefanya kazi ya mitambo ya sauti na waya zangu zote zilikuwa nyeusi, hakuna rangi ya kukuonyesha ipi ni ndefu kiasi gani. Zote ndani ya gunia moja, ukitaka ya mita tano unaingiza mkono kama unavua kambare halafu unamwachia Mungu. Ikitoka ya ishirini unaitumia hivyo hivyo, iliyobaki unaisukumia nyuma ya spika, mtu akipita anadhani kuna mvuvi ameacha nyavu zake hapo.

Kilichonibadilisha ni send-off moja hapa Dar, ukumbi siutaji. Siku hiyo kirikuu iliyobeba spika ilikwama foleni ya Ubungo, tumeingia ukumbini saa kumi na moja jioni, wageni wanatakiwa kukaa saa kumi na mbili na nusu. Namwambia dogo niletee ya mita kumi ya maiki ya kwaya, analeta ya tano. Wala sio kosa lake, maana ya mita tano ikiwa waya nene na ya mita kumi ikiwa nyembamba, ukishazikunja ni mzigo uleule. Mimi nikachomeka tu, ikafika, ila imekaza kama kamba ya kuanikia nguo, imekatiza kutoka steji boksi (lile boksi la jukwaani la kuchomekea waya za maiki) mpaka kwenye stendi, juu ya sakafu kama shubiri moja hivi. Nikasema ntairudia. Sikuirudia.

Saa tatu MC akaita upande wa shangazi waje kutunza. Wakaja wale kina mama wanacheza, mstari mrefu, vitenge sare, mikono juu, na mama akiwa anaenda kutunza huwa haangalii chini. Wa kwanza akapita, wa pili akapita, wa tatu kisigino kikanasa. Hakuanguka namshukuru Mungu, wenzake walimdaka, ila stendi ilienda chini na maiki ikapiga sakafu ikiwa imefunguliwa, ule mlio babu mmoja meza ya mbele aliinama kabisa kichwa chini ya meza. Mimi miksa nimeishika, nimeganda.

Kesho yake nikamwaga gunia lote sebuleni. Waya thelathini na nne. Kupima sikuwa na tepu meja ila sebule yangu ina tailizi za sentimita 40, kwa hiyo tailizi ishirini na tano ni mita kumi, nikawa nazinyoosha ukutani nahesabu, mke wangu ananiangalia tu anatikisa kichwa. Hapo ndo nikagundua kitu ambacho kama na wewe ni fundi nakushauri ukakiangalie leo leo, waya unayoiita ya mita kumi sio ya mita kumi. Nilikuwa nayo moja ya mita nane na nusu! Kila ikikatika karibu na kanoni unakata kipande unachomea upya, baada ya miaka minne umeila mita nzima na jina bado unaiita ileile. Nyingine zilitoka dukani zikiwa pungufu, tuyaache hayo.

(Kanoni ndo hizi plagi za XLR za pini tatu, na usije ukachanganya na Canon wa kamera, hawahusiani. Jina limetoka kwenye kampuni ya Cannon Electric ya Los Angeles kule Marekani, wao ndo walizianzisha, mafundi wakalibeba jina mpaka huku Kariakoo.)

Sasa rangi. Hii ya kuweka rangi kwa urefu sio kitu nimebuni mimi, mafundi wa nje wanafanya siku nyingi, shida ni kwamba hakuna sheria moja ya dunia, kila kampuni ina yake. Mimi kwa sababu nilisoma umeme kidogo nikajiona mjanja nikachukua rangi za rezista (vile vidude vya kupunguza umeme kwenye saketi, namba zake zinaonyeshwa kwa rangi), zile za nyeusi sifuri, kahawia moja, nyekundu mbili, chungwa tatu, njano nne, kijani tano, unaendelea hivyo mpaka nyeupe tisa. Nikatengeneza na karatasi nikaibandika kwenye mfuniko wa boksi. Wiki mbili tu ikafa. Kwanza nyeusi juu ya waya nyeusi nani ataiona, pili dogo hajawahi kushika rezista maisha yake, kila akitaka waya anakimbia kusoma karatasi, na karatasi ipo kwenye boksi, na boksi limefungiwa kwenye kirikuu.

Wazo lilikuja kwa mama ntilie. Tumekula, dogo analipa, anatoa noti anazipanga bila hata kuziangalia vizuri, nyekundu, zambarau, bluu, chap chap, na hakuna mtu aliyemfundisha na karatasi. Nikamwambia dogo subiri, usiweke hizo hela mfukoni.

Basi mfumo wetu ni huu, elfu moja ni mita moja. Buku ni bluu, kwa hiyo mkanda mmoja wa tepu ya bluu kwenye waya ni mita moja, zile fupi za kuunganisha kwenye raki, lile kabati la mitambo. Elfu tano ni zambarau, mita tano. Elfu kumi nyekundu, msimbazi, mita kumi. Noti ya elfu mbili nimeiacha kwa sababu mikanda miwili ya bluu inatosha na kila mtu anasema buku mbili. Halafu unajumlisha kama hela tu, mita kumi na tano ni msimbazi na zambarau, mita ishirini misimbazi miwili, thelathini mitatu. Mkanda mkubwa unakaa karibu na plagi, wadogo wanafuata. Dogo alielewa kabla sijamaliza kuongea, na siku hiyohiyo akaanza kuniuliza "bro nikupe na chenji?"

Tatizo likaja kwa kijana wetu wa pili, huyu ni Mwananchi damu damu, shabiki wa Yanga, akagoma. Anasema yeye hawezi kupiga kelele ukumbini "nipe msimbazi" watu wakamsikia, Msimbazi ni mtaa wa Simba. Akaomba tuweke kijani na njano basi, hata kwenye waya mbili tatu tu. Nikamwambia mdogo wangu, kijani na njano zikikaa pamoja kwenye waya maana yake ni ethi, waya ya kwenda ardhini, hiyo ni rangi ya usalama, fundi umeme akiikuta kwenye waya ya maiki atakuelewaje? Akanuna wiki nzima. Mpaka leo anaiita "elfu kumi", neno msimbazi hajawahi kulitamka.

Kwenye vitendo kuna mambo yalinipiga. Zambarau kwanza, zunguka Kariakoo uone, tepu ya umeme nyeusi ipo, nyekundu, bluu, njano, kijani, nyeupe zipo, zambarau unaangaliwa kama umeomba dawa. Niliipata duka la saba, roli mbili, nikachukua zote. Halafu taa za steji. Nyumbani rangi zinang'aa vizuri, nenda ukumbini wakawasha taa za bluu, nyekundu inageuka nyeusi kabisa, bluu na zambarau zinakuwa mapacha. Siku ya kwanza nililetewa ya mita moja mahali pa mita tano, sikuwa na cha kusema kwa sababu hata mimi nilivyoishika niliona zambarau. Nikarudi nikabadilisha upana, zambarau mkanda wa vidole viwili, bluu mwembamba wa nusu kidole, nyekundu kidole kimoja. Sasa hata gizani unapapasa. Na hii imemsaidia jamaa mmoja tunayemwita kazi kubwa zikija, yeye nyekundu na kijani ni kitu kimoja machoni kwake, na wanaume wa hivyo ni wengi kuliko unavyofikiri.

Kuhusu mahali pa kuweka, weka pande zote mbili, na sio juu ya plagi yenyewe. Plagi inabadilishwa, ukihamisha plagi ya waya ya mita ishirini ukaiweka kwenye ya mita tatu umeshajidanganya. Mimi naacha shubiri moja kutoka kwenye plagi, hapo hata ikiwa imechomekwa kwenye steji boksi na zenzake kumi unaona kila moja ni ya urefu gani.

Tepu yenyewe na joto la Dar lakini, hapana. Mitambo ikishinda kwenye gari juani, gundi inayeyuka, mkanda unateleza, unabaki na uchafu mweusi unaonata mikononi, ongeza vumbi la mkutano wa injili wa siku tano viwanja vya wazi, ukimaliza waya inafanana na andazi lililoanguka mchangani. Kwa hiyo saa hizi naweka rangi halafu juu yake navalisha ile mipira myembamba inayosinyaa ukiipiga joto, nachukua ile isiyo na rangi ili kilicho chini kionekane. Hapa sikiliza vizuri ndugu yangu. Mingi inayouzwa inasinyaa mpaka nusu ya upana wake, na kanoni ni kama milimita 19, kwa hiyo mpira unaoweza kupita juu ya kanoni ukisinyaa sana unafika milimita tisa na nusu, waya yako ni milimita sita, unabaki unacheza kama bangili. Lazima utumie mwembamba, na mwembamba haupiti, kwa hiyo lazima ufungue plagi, uuvalishe kwanza, ndo uchomee. Nimeandika kirahisi hivi ila nimeshachomea kanoni nzima pini tatu, safi, risasi inang'aa, nikageuka nikaona mpira bado upo mezani unaniangalia. Mara nne hiyo.

Na ukishafungua plagi usirudishe kwa kukisia. Pini ya kwanza ni shildi (ule wavu unaozunguka waya za ndani), ya pili ni hoti, ya tatu ni koldi (hizo ndo waya mbili za sauti), pande zote mbili sawasawa, halafu pima na mita ya umeme kabla ya kufunga. Ukigeuza mbili na tatu upande mmoja sauti itatoka kama kawaida na ndo ubaya wake, ila ukiweka maiki mbili kwenye ngoma moja besi inapotea hujui imeenda wapi. Shildi ikikatika, maiki yako ya kondensa, ile inayohitaji umeme kutoka kwenye miksa, haipati ile volti 48 vizuri, inanyamaza, unaanza kulaumu miksa.

Waya za gitaa nimezipa mfumo uleule ila kuna kikomo. Zile hazina balansi kama za maiki, yaani hazina hoti na koldi, ukizirefusha sana zinakula sauti ya juu, gitaa linakuwa kama limefunikwa blanketi, kwa hiyo kwangu mwisho wake ni zambarau na buku, mita sita. Ukiona jeki ya gitaa ina msimbazi sio yangu. Waya ya maiki nzuri unaweza kwenda mita mia hujasikia tofauti.

Kingine, rangi ya urefu isichanganywe na rangi ya mwenye mali. Harusi kubwa mnakutana vikundi viwili vitatu, kila mtu ana waya nyeusi, kwa hiyo mimi nina mkanda mweupe upande mmoja tu, ule wa kike (plagi yenye matundu), na nimeandika herufi zangu. Nyeupe inajibu ya nani, zile nyingine zinajibu ndefu kiasi gani, basi. Waya mbovu haipewi rangi, inapigwa fundo mwishoni kama zamani, na fundo halifunguliwi mpaka aliyeitengeneza awe ameijaribu.

Kufunga mitambo sasa hivi tunamaliza mapema kiasi kwamba vijana wanapata muda wa kula kabla ya wageni, zamani tulikuwa tunakula saa sita usiku pilau limeshaganda. Juzi nimesimama mbele nimemwonyesha dogo vidole tu, kimoja halafu viwili, akaja na ya kumi na buku mbili, akaunganisha, ikafika kwenye podiamu ikalala chini vizuri kabisa.

Imebaki ile moja ya ajabu ya mita kumi na saba, ilikuwa ishirini ikakatwa na mlango wa gari. Ina msimbazi, zambarau, na buku mbili, na mkanda mweupe upande wa kike. Kuna mtu aliiazima mwezi wa kumi kwa ajili ya harusi ya binamu yake, simu hapokei. Kaka, kama unasoma hapa, nakudai elfu kumi na saba.