Siku moja kazini Bukavu: wanyama waliofiwa

Saa 12 asubuhi. Napanga mkoba: kipimajoto, sindano, dawa za kupe, chanjo za kichaa cha mbwa ndani ya sanduku la barafu. Mimi ni daktari wa wanyama hapa Bukavu, mashariki ya Kongo. Leo nataka kueleza jambo ambalo wengi hulipuuza wakisema "ni mnyama tu".

Saa 2. Kabare, kwa mzee mmoja mfugaji. Ndama amekufa kwa kuhara, na mama yake amezuia maziwa. Anazunguka kibanda, ananusa majani pale ndama alipokuwa akilala, analia. Mzee ananiomba sindano ya kuteremsha maziwa, nami namdunga ng'ombe. Lakini ng'ombe wa kienyeji huachia maziwa akimwona na kumnusa mtoto wake. Ndiyo maana wafugaji wa sehemu nyingi za Afrika walikuwa wakijaza majani kwenye ngozi ya ndama aliyekufa na kumwekea mama yake. Walimwona anatafuta, wakamheshimu.

Saa 4 na nusu. Kadutu. Hapa nimekaa kuliko popote. Mama mmoja amezika mume wiki iliyopita. Mbwa wa marehemu hatoki mlangoni, hali chakula, na usiku analia kwa kuvuta sauti. Majirani wanasema mbwa wa namna hiyo anaita kifo kingine.

"Dokta, iko nalia usiku muzima. Batu banasema tuiuwe. Miye sitaki, ilikuwa ya bwana yangu."

Siku zote naanza na ugonjwa. Mbwa asiyekula huenda ana homa ya kupe, minyoo, au amelishwa sumu. Joto ni nyuzi 38.7, sawa kabisa kwa mbwa. Fizi zina rangi nzuri, tumbo ni laini. Nauliza kama aliumwa na mbwa mwingine, maana kichaa nacho hubadili sauti. Hapana, chanjo yake ni ya mwaka huu na maji anakunywa vizuri. Baada ya hapo tu ndipo nalitaja neno huzuni.

Kumbe marehemu alifia hospitali. Mbwa alimwona akitoka kwa miguu yake, hakumwona akirudi. Kwake yeye hakuna aliyezikwa, kuna mtu aliyechelewa. Mbwa Hachiko wa Japani alimngoja bwana wake hivyo kwenye kituo cha treni cha Shibuya, toka 1925 hadi alipokufa mwenyewe mwaka 1935. Nawaambia majirani waliosogea: mbwa hulia hivyo kuwaita wenzao waliopotea. Huyu anamwita mmoja tu, na mnamjua.

"Nyama haijue kufiwa," mzee mmoja ananibishia.

Namkumbusha mlima wetu wenyewe. Mwaka 2019 watafiti walichapisha walichokiona katika hifadhi ya Kahuzi-Biega: masokwe (gorila) waliizunguka maiti ya dume mzima ambaye hakuwa hata wa kundi lao, wakaketi kando yake, wakamtazama, wakamlamba, wakamsafisha manyoya. Siwezi kuapa walichokuwa wakiwaza. Lakini asiyejali hupita zake, na wale hawakupita.

Maagizo yangu: chakula kidogo chenye moto, fufu (ugali) na mchuzi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, saa zilezile alizozoea, mkononi mwa mtu mmoja. Atembezwe kila siku. Asipigwe akilia. Kijana wa nyumba, ana miaka 12, anasema atalala naye barazani.

Saa 8. Muhumba, chanjo tu.

Saa 9 na nusu. Ibanda. Mbwa mzee ana uvimbe usiotibika, na wenyewe wamekubali apumzishwe kwa sindano. Naomba mbwa mwenzake wa nyumba hiyo asifungiwe nje. Ananusa maiti, anarudi nyuma, ananusa tena, kisha anaondoka taratibu. Mwaka 2022 watafiti wa Italia walitoa majibu ya watu 426 waliopoteza mbwa mmoja wakabaki na mwingine: asilimia 86 waliona aliyebaki amebadilika, michezo imepungua, chakula kimepungua, anataka kuwa karibu na watu. Ni maneno ya wenye mbwa, na mwenye msiba huona msiba kila mahali. Naliweka hilo akilini. Hata hivyo walikuta kwamba uzito haukuwa kwenye miaka ya kuishi pamoja, ulikuwa kwenye urafiki. Hilo naliona majumbani, na naliamini.

Saa 12 jioni. Simu kutoka Kadutu. Mbwa amelamba mchuzi mkononi mwa kijana, fufu ameiacha. Nasema ni mwanzo, lakini asipokula hadi kesho kutwa nitamwekea maji ya mshipa, kwa sababu huzuni nayo inaweza kuuangusha mwili. Majirani wamekubali kungoja hadi Jumapili. Nitapita kesho niongee nao tena.