Kampuni haina tarehe ya kuzaliwa: nilivyotangaza wamiliki manufaa wetu

Nilipouliza namna ya kutangaza kwa URSB, ofisi ya serikali inayosajili kampuni Uganda, wamiliki manufaa wa kampuni yetu ya nafaka hapa Arua, watu watatu walinijibu sawasawa: "Andika wakurugenzi, basi." Mmoja wao ni broka anayewajazia watu fomu kila siku, na kwa ushauri huo alitaka laki na kitu. Upuuzi. Mkurugenzi anaendesha, mmiliki manufaa ni yule ambaye mali au amri inaishia kwake. Wanaweza kuwa mtu mmoja, wanaweza pia wasijuane hata kwa salamu.

Wakurugenzi sikuwaandika, nikafanya kosa langu mwenyewe. Kati ya hisa zetu 100, 40 zinashikwa na kampuni ya malori, nami nikaiandika hiyo kampuni kuwa mmiliki, na namba yake ya usajili juu. Nikajiona bingwa. Fomu ilirudi. Sheria ya Makampuni ilivyorekebishwa mwaka 2022, pamoja na kanuni za 2023, inamtaka binadamu mwenye pumzi: jina, tarehe ya kuzaliwa, uraia, makazi, simu, na njia anayomiliki au kutawala.

Basi nikatandika karatasi ya manila mezani. Juu kampuni yetu, chini yake kila mwenye hisa, na penye jina la kampuni nikashuka tena mpaka nifike kwa mtu. Kwenye malori wako watatu: mmoja ana asilimia 70, wa pili 20, wa tatu 10. Hapa wengi huteleza, wanaziandika hizo 70 kama zilivyo. Unazidisha: asilimia 70 ya 40 ni 28. Wa pili anapata 8, wa tatu 4. Halafu nikashtuka: yule wa pili ni kaka yangu, ambaye kwetu tayari ana hisa 30 kwa jina lake. Jumla ana 38, mkubwa kuliko wote, na kwenye fomu yangu ya kwanza alionekana na 30 tu!

Hisa 30 zilizobaki ziko kwa jina la shangazi. Nilimuuliza swali moja.

"Shangazi, gawio likitoka, nani analila?"

"Mimi? Napokea tu, mwanangu, namtumia mwenyewe Juba."

Kumbe shangazi anamshikia mwingine hisa tu. Aliyeko Juba ndiye aliyeandikwa kuwa mmiliki manufaa, kwa namba ya pasipoti kwa kuwa si raia wa Uganda, na shangazi akasaini karatasi ya kukiri kwamba hisa anazishika kwa niaba. Uliza pia swali la pili: nani anaweza kumweka au kumwondoa mkurugenzi? Mkopeshaji mwenye haki hiyo kwenye mkataba anaweza kuwa na hisa sifuri na bado akahusika.

Kujaza kwenyewe ni kwenye mfumo wa mtandaoni wa URSB. Unapata namba ya malipo, unalipa benki au kwa simu. Ada haikuniuma, fotokopi na bando vilikula zaidi. Kilichonichelewesha ni NIN, namba ya utambulisho wa taifa. Ina herufi na tarakimu 14, ya raia huanza na CM au CF. Kaka alinitumia namba ya kadi, ambayo ni kitu kingine kabisa, na mwingine aliandika O mahali pa sifuri. Omba picha ya kitambulisho, usikubali namba ya kusomewa kwa simu.

Wanaonung'unika kwamba huu ni umbea wa serikali wakumbuke FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji fedha, kilituweka Februari 2020 kwenye orodha ya kijivu, yaani ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, tukatoka Februari 2024, na wamiliki waliojificha walikuwa sehemu ya kesi hiyo.

Nakala ya rejista inakaa ofisini kwetu pia, na manila imekunjwa ndani yake. Asilimia zote ziko kwa penseli, maana kaka ameshaanza kusema anauza za malori, na mabadiliko nayo yanapelekwa URSB.