Zambarau ya mjakaranda

Oktoba ile mijakaranda ya Arusha ilikuwa imechanua, majani yake bado machache. Maua yake hayakai. Ukiyaokota asubuhi, ikifika mchana yameshalegea. Kwa hiyo nilimwambia mwanafunzi wangu wa kuchora kwa rangi za maji, msichana wa kidato cha tatu, apitie chini ya miti Jumamosi saa mbili asubuhi na aokote matano yasiyokanyagwa. Aliyaleta ndani ya kopo la maji, akaniamkia, tukakaa barazani upande wa kivuli.

Kwanza nilimtaka alitazame ua. Ni kama tarumbeta iliyopinda kidogo, urefu wa sentimita tano hivi, na mdomoni lina petali tano: mbili juu, tatu chini. Ndani ya koo ni jeupe, na weupe huo haupakwi, ni karatasi yenyewe inayoachwa wazi. Alichora kwa penseli ya HB, mkono mwepesi, maana mstari uliokandamizwa hubaki mfereji na rangi hukimbilia humo.

Karatasi ya daftari aliyokuja nayo nilimwekea kando. Ikilowa hujikunja na maji hutuama kwenye mabonde. Tulitumia karatasi nzito, ya gramu 300 kwa mita ya mraba, imebandikwa kwa tepu pande zote nne juu ya ubao.

Zambarau ilitusumbua kuliko kitu kingine chochote. Alichanganya bluu na nyekundu kali, akapata rangi ya matope.

"Mwalimu, bluu hii imeharibika?"

Bluu haikuwa na kosa. Nyekundu ile ilikuwa imeelekea machungwa, ina umanjano ndani yake, na umanjano huiua zambarau. Nikampa nyekundu ya waridi, ile yenye PV19, alama ya aina ya rangi, ubavuni mwa tyubu, aichanganye na bluu ya ultramarini, PB29: bluu mafungu mawili, waridi moja. Alijaribu kwanza kwenye kipande cha karatasi akasubiri kikauke, kwa sababu rangi ya maji ikikauka hupauka. Iliyo sawasawa ikiwa mbichi, baadaye itaonekana hafifu.

Halafu maji. Nilimwonyesha kulowesha petali kwa maji safi, brashi ya duara namba 8, mpaka ing'ae bila kutuama, kisha kugusisha rangi ukingoni tu na kuiacha itembee yenyewe kuelekea kooni. Petali ya kwanza ilitoka nzuri mno. Ya pili aliiona hafifu, akairudia kwa brashi iliyojaa maji wakati mng'ao umeshaanza kufifia. Maji mapya yakaisukuma rangi iliyokuwa ikikauka, likatokea doa lenye kingo za mikunjomikunjo kama koliflawa. Mkono wake ukaenda kulisugua.

"Acha, mwanangu. Likauke kwanza."

Karatasi mbichi ikisuguliwa huchanika nyuzi, na hapo hapakai rangi tena. Lilipokauka alilipitishia brashi yenye unyevu kidogo, akalikandamiza kwa tishu. Bluu ikatoka kwa wingi, waridi ikabaki kama kivuli, kwani waridi hiyo hung'ang'ania karatasi. Tukaigeuza kuwa mkunjo wa petali.

Tangu hapo akimaliza petali moja aliiruka ya jirani, ikasubiri ile ikauke. Mbili mbichi zikigusana huingiliana na mpaka hupotea. Kwa upepo mkavu wa siku ile, petali moja ilimpa dakika mbili, tatu tu za kufanyia kazi.

Mwishoni alitaka kuzungushia ua mstari mweusi. Nilimkatalia. Alichukua brashi namba 4, mchanganyiko uleule ukiwa mzito zaidi, akapiga kivuli kimoja chini ya tarumbeta na kulainisha upande mmoja kwa brashi safi. Ua likainuka kutoka kwenye karatasi, na yeye akanyamaza kulitazama.

Tulibandua tepu polepole, tukiivuta kuelekea nje ya picha. Kona moja ilichanika kidogo, ilikuwa bado na unyevu.

"Jumamosi ijayo maua yatakuwepo, mwalimu?"

Nikamwambia awahi, kabla wafagiaji hawajapita.